Kutoka "Alijaribiwa" hadi "Tutubu": Nafsi na Mahali katika Tafakari za Kila Siku za Kwaresima, kwa Kuzingatia Masukulu, Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki tafakari za kila siku za Maandiko zinazotolewa kwa Kiswahili wakati wa Kwaresima, yakizitazama kama utanzu wa nathari fupi wenye kanuni zake za kiisimu na kifasihi. Mahali panapozingatiwa ni Masukulu, kata ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, katika eneo ambalo Kinyakyusa ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya tafakari. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya tafakari hutegemea namna inavyovuka kutoka nafsi ya tatu ya masimulizi hadi nafsi ya kwanza wingi ya wito. Mvuko huo ukifanywa haraka, toba hubaki bila mtenda wala mtendwa, na mahali anapoishi msikilizaji hugeuzwa sitiari tupu. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza sarufi ya wito, taswira ya jangwa, msamiati wa toba katika tafsiri tatu za Biblia ya Kiswahili, na suala la kufunga katika jamii inayothamini kula pamoja. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha, hasa kauli za kutendea na kutendana, za kuifanya tafakari iseme jambo mahususi bila kumwaibisha mtu.

1. Utangulizi

Kwaresima ni kipindi cha siku 40, Jumapili zisipohesabiwa, kati ya Jumatano ya Majivu na Pasaka. Jina lenyewe lina asili ya Kilatini na linamaanisha "ya arobaini". Katika kipindi hicho makanisa mengi ya Tanzania hutoa tafakari za kila siku zenye sehemu tatu: fungu la Maandiko, maelezo ya aya chache, na wito au sala. Husomwa katika ibada za asubuhi, shuleni, hospitalini, katika jumuiya ndogondogo na nyumbani. Hutangazwa redioni, na siku hizi hupita pia katika simu za mkononi. Kwa waumini wengi, hiyo ndiyo nathari ya Kiswahili iliyoandikwa ambayo huisikia kila siku kwa wiki sita mfululizo.

Pamoja na wingi huo, tafakari si kitu ambacho mhakiki hukiendea kwa urahisi. Huandikwa kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo ikipita kazi yake imekwisha. Mwandishi wake mara nyingi hatajwi. Lugha yake hujirudia, kwa kuwa msimu wenyewe hujirudia kila mwaka na masomo yaleyale. Sifa hizo, hata hivyo, hazitoshi kuiondoa katika mipaka ya fasihi. Mawaidha ya mwezi wa Ramadhani nayo hujirudia, na hakuna anayetilia shaka kwamba ni sanaa ya usemi yenye historia ndefu katika Kiswahili. Vilevile, tafakari ni jamaa wa karibu wa insha ya maadili, aina ya uandishi ambayo Shaaban Robert aliipa heshima kwa kuiandikia kitabu kizima, Kielezo cha Insha (1954). Ikiwa insha hupimwa kwa jinsi inavyojenga hoja na jinsi inavyomchukua msomaji, hakuna sababu ya kutoipima tafakari kwa mizani hiyohiyo.

Masukulu imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, imo Rungwe, eneo ambalo desturi ya kusoma neno la kila siku ilifika pamoja na misheni zenyewe. Pili, mazingira na maisha ya jamii ya Wanyakyusa yanaipa tafakari ya Kwaresima maswali ambayo msimu huo, uliopata sura yake mbali na hapo, haukuyatarajia. Mifano ya sentensi iliyotumika katika makala imetungwa kwa ajili ya mjadala. Inafuata umbo la kawaida la utanzu huu, lakini haikutolewa katika tafakari ya mtu yeyote.

2. Neno Moja kwa Siku Moja

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Misheni ya Berlin, ambao walikuwa Walutheri, walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Matunda ya kazi hizo yanaonekana leo katika Kanisa la Moravian, lenye kituo kikongwe Rungwe, na katika Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yenye makao yake Tukuyu. Pande zote mbili zilikuja na mazoea ya kuigawa Biblia kwa siku.

Mazoea ya Wamoravian yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mei 1728, huko Herrnhut nchini Ujerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliipa jumuiya yake neno moja la kwenda nalo siku inayofuata. Toleo la kwanza la kuchapishwa la maneno hayo ya kila siku lilikuwa la mwaka 1731, na tangu hapo hayajakoma. Hadi leo aya ya Agano la Kale ya kila siku hupatikana kwa kupigiwa kura, kisha aya ya Agano Jipya huchaguliwa ili iendane nayo. Matoleo yake yamo katika lugha zaidi ya 50.

Kwa mhakiki, jambo la maana hapa ni uhusiano kati ya neno na mfafanuzi. Neno lililopatikana kwa kura halikuchaguliwa na mwandishi wa tafakari ili lithibitishe alichokusudia kusema. Limemtangulia, na huenda likampinga. Ndivyo ilivyo pia kwa kalenda ya masomo ya Kilutheri na ya Kikatoliki, ingawa huko uteuzi haufanywi kwa kura. Jumapili za Kwaresima katika mapokeo ya Kilutheri, yaani Invokavit, Reminiscere, Okuli, Letare na Judika, zina majina yaliyotokana na maneno ya kwanza ya zaburi na masomo ya kale ya siku hizo. Mwandishi huzikuta, hazibuni.

Kanuni ya kwanza ya utanzu, basi, ni kwamba andiko hutangulia na maelezo hufuata. Tafakari dhaifu ni ile inayogeuza utaratibu huo kimyakimya: andiko limesomwa, lakini kinachoelezwa kingeweza kuelezwa bila hilo. Dalili ya kwanza ya ugeuzaji huo hujitokeza katika viambishi vya nafsi.

3. Sarufi ya Wito

Masimulizi ya Injili yamejengwa kwa nafsi ya tatu na wakati uliopita: alikwenda, alijaribiwa, akajibu. Wito wa tafakari umejengwa kwa nafsi ya kwanza wingi na hali tegemezi: tufunge, tuombe, tutubu. Kati ya pande hizo mbili pana daraja, na daraja hilo mara nyingi ni sentensi ya aina hii:

(1) Somo la leo linatufundisha kuwa tunaalikwa kutubu na kumrudia Mungu.

Sentensi (1) ina mambo matatu ya kuzingatiwa. La kwanza ni kauli ya kutendwa. Katika masimulizi ya majaribu, kauli hiyo ina mtenda anayetajwa: Yesu alijaribiwa, na aliyemjaribu anajulikana. Katika "tunaalikwa" mtenda ameachwa. Msikilizaji anaweza kumjaza Mungu, kanisa, au mwandishi mwenyewe, na kwa kuwa anaweza kumjaza yeyote, mwaliko huo haumbani.

La pili ni kiambishi tu-. Benveniste (1966) alionyesha kwamba "sisi" si "mimi" iliyozidishwa. Ni "mimi" pamoja na wengine, na wengine hao wanaweza kuwa wale wanaosemeshwa au wale wasiokuwapo. Kiswahili hakitofautishi kwa umbo "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na ile isiyomjumuisha. Kwa hiyo "tutubu" inaweza kusikika kama "mimi na wewe tutubu", na inaweza pia kusikika kama "watu kwa jumla watubu". Msikilizaji aliye na jambo la kutubia anaweza kuchagua maana ya pili na kuketi salama ndani yake.

La tatu ni umbo la kitenzi. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huonyesha hali tegemezi kwa kubadili irabu ya mwisho: tunafunga, tufunge, tunageuka, tugeuke. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki: tunatubu, tutubu, tunasamehe, tusamehe, tunatafakari, tutafakari. Msamiati mkuu wa Kwaresima umo katika kundi hili la pili. Si kwamba maana haieleweki, kwani kukosekana kwa kiambishi cha wakati kunatosha kuionyesha. Lakini ishara ya amri imekuwa hafifu, na vitenzi hivi vikipangwa kimoja baada ya kingine huanza kusikika kama orodha ya mada badala ya mambo ya kutendwa.

Linganisha sasa na sentensi hizi:

(2) Tusameheane kabla ya kula chakula cha jioni.
(3) Tunatubia nini hasa, na tutamwendea nani?

Katika (2) kiambishi cha kutendana kimefanya kazi mbili. Kimerudisha irabu ya hali tegemezi mahali pake, na kimedai watu wawili. Hakuna awezaye kusameheana peke yake. Katika (3) kauli ya kutendea, -tubia na -endea, inamdai msikilizaji ataje jambo na mtu. Nafsi ni ileile, tu-, na heshima ni ileile, lakini pa kujificha pamepungua. Tofauti kati ya (1) na sentensi hizi haitokani na ukali wa sauti. Inatokana na unyambulishaji.

Ipo hoja ya kutetea "sisi" ya kawaida, nayo ni nzito. Mwandishi anayesema "tutubu" amejihesabu miongoni mwa wakosaji. Anayesema "tubu wewe" amejitoa. Zaidi ya hayo, katika jamii ambayo mkubwa husemeshwa kwa nafsi ya wingi kwa heshima, kijana anayesoma tafakari mbele ya wazee hawezi kuwaelekezea "wewe" bila kuonekana amekosa adabu. Na pale kijijini, ambako kila mmoja anamjua mwenzake, "wewe" iliyoelekezwa vizuri hugeuka kijembe. Hoja hii inakubalika. Lakini inakataza "wewe" tu. Haikatazi umahususi.

Maandiko ya Jumatano ya Majivu yenyewe yanaonyesha njia. Katika Yoeli 2 wito ni wa wingi, lakini wingi huo umehesabiwa: wazee wametajwa, watoto wametajwa, wachanga wanaonyonya, bwana arusi na bibi arusi, makuhani. "Sisi" ya Yoeli ina sura za watu. Zaburi ya 51, inayotumika siku hiyohiyo, imesemwa kwa nafsi ya kwanza umoja, na anwani yake inaihusisha na tukio la nabii Nathani kumwendea Daudi. Nathani hakuanza kwa "wewe" wala kwa "sisi". Alianza kwa kisa cha nafsi ya tatu, cha tajiri na kondoo wa maskini, akakishikilia mpaka Daudi mwenyewe akatoa hukumu. Hapo ndipo nafsi ya pili ilipoingia, na ilipoingia haikuwa na kazi ya kueleza chochote. Tafakari inayoikimbia nafsi ya tatu katika sentensi yake ya pili imejinyima nguvu hiyo.

4. Jangwa katika Nchi ya Mvua

Udhaifu wa kuvuka haraka unaonekana wazi zaidi katika somo linalofungua Jumapili za Kwaresima, yaani majaribu ya Yesu katika Mathayo 4. Tafsiri za Kiswahili hazikubaliani kuhusu mahali pa tukio. Biblia ya Union Version (1952) inatumia nyika, na ndivyo ilivyo pia katika Biblia ya Karl Roehl (1937). Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, inatumia jangwa. Nyika ni nchi pana isiyolimwa wala kukaliwa, na inaweza kuwa na majani na wanyama. Jangwa ni nchi kame. Neno la kwanza linakazia ukosefu wa watu, la pili linakazia ukosefu wa maji.

Kwa msikilizaji wa Masukulu tofauti hiyo si ndogo. Sehemu za Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi ya Machi na Aprili imo katika kilele cha mvua hizo. Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na tarehe 10 Machi. Maana yake ni kwamba Kwaresima ya Rungwe hupita karibu yote chini ya mvua, katikati ya migomba, chai na kahawa, njia zikiwa na utelezi na mito ikiwa imejaa. Msimu ambao Ulaya ya Kaskazini huutumia kutoka baridi kali kwenda machipuko, hapa ni msimu wa kijani kilichokolea. Jangwa halionekani kutoka mlango wa nyumba yoyote.

Njia rahisi ya kulitatua tatizo hili ni sitiari:

(4) Kila mmoja wetu ana jangwa lake. Tumwombe Mungu atuvushe katika majangwa ya maisha yetu.

Sentensi (4) haina kosa la kitheolojia wala la kisarufi. Tatizo lake ni kwamba inaweza kusemwa popote na siku yoyote. Sitiari hii, ambayo zamani ilikuwa hai, imetumika mpaka ikawa msamiati wa kawaida. Pia imefuta jambo ambalo masimulizi yanalitaja waziwazi: njaa. Aliyejaribiwa alikuwa na njaa ya chakula, na jaribu la kwanza lilihusu mkate. Sitiari ikiingia mapema, njaa hiyo hugeuka "njaa ya kiroho" kabla msikilizaji hajaiona.

Njia ya pili ni kukaa na masimulizi kwa muda zaidi, kisha kuyaweka mahali palipo na kitu kinachofanana nayo:

(5) Alikaa siku nyingi bila chakula, na njaa ikamshika. Njaa hiyo haikuwa mfano wa kitu kingine. Mwezi huu mahindi mapya bado yako shambani na ya mwaka jana yamepungua. Ni nyumba ipi jirani ambamo yamekwisha?

Sentensi (5) haitaji jangwa kabisa. Inajua kwamba Rungwe ina kijani na kwamba kijani si sawa na shibe. Ndizi zinaweza kuwapo mwaka mzima, lakini ghala la mahindi lina msimu wake, na msimu wa mvua kubwa si msimu wa mavuno. Aidha, (5) imefika kwenye wito bila kutumia tu-. Imeuliza swali, na jibu la swali hilo ni jina la mtu ambalo msikilizaji hulitaja moyoni mwake. Hakuna aliyeaibishwa, wala aliyebaki na nafasi ya kusema kwamba wito ulikuwa wa watu wengine.

Tofauti kati ya (4) na (5), kwa hiyo, haihusu kupenda au kuchukia sitiari. Sitiari ni mali ya utanzu huu na Maandiko yamejaa nazo. Jambo linalopimwa ni kama sitiari imelipia mahali inapopatumia. Mahali anapoishi msikilizaji si pambo la kuingizwa mwishoni ili tafakari ionekane ya kienyeji. Ni sehemu ya ushahidi ambao andiko linafafanuliwa kwao.

5. Kutubu, Kujuta, na Msengenyaji

Tafakari ya Kiswahili hurithi pia historia ya tafsiri. Biblia ya Roehl ilikuwa tunda la jitihada ya kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno yenye asili ya Kibantu. Mradi huo umejadiliwa sana, na mara nyingi umelaumiwa kwa kujaribu kuitenga lugha na historia yake. Lakini maamuzi yake mawili yana thamani kwa mjadala huu.

La kwanza linahusu mwito wa toba. Mahali ambapo Union Version na Habari Njema zinatumia kutubu, Roehl anatumia kujuta. Maneno haya hayalingani. Kujuta ni hali ya moyo: mtu hujuta baada ya tendo, na anaweza kujuta peke yake, kitandani, bila mtu kujua. Kutubu kunabeba wazo la kurudi. Asili yake ya Kiarabu inahusu kurejea kwa Mungu, na katika matumizi ya Kiswahili mtu aliyetubu hutarajiwa kuacha alichokuwa akikifanya. Kwa upande wa maumbo, "tujute" ina ishara wazi ya hali tegemezi ambayo "tutubu" haina. Kwa upande wa maana, "tujute" imepoteza nusu ya safari. Hapa inaonekana kwamba asili ya neno, iwe ya Kibantu au ya Kiarabu, haitoshi kuamua ubora wake. Kitenzi kinachofaa ni kile kinachomwacha mwandishi aulize swali linalofuata. "Tunajutia nini?" ni swali zuri. "Tutarudi kwa nani?" ni zuri zaidi.

La pili linahusu mjaribu. Union Version inamwita Ibilisi. Roehl anamwita Msengenyaji, akifuata maana ya neno la Kigiriki, ambalo kwa asili humtaja mchongezi. Uamuzi huu unabadilisha mandhari yote ya Mathayo 4. Ibilisi anaweza kukaa mbali, nyikani au kuzimu. Msengenyaji anakaa barazani. Anajulikana kwa sauti, na huenda ni jirani, ndugu, au msikilizaji mwenyewe. Neno lililochaguliwa kwa sababu za kinadharia kuhusu usafi wa lugha limeishia kuwa neno lenye uzito mkubwa kijamii.

Uzito huo unaeleweka vizuri zaidi kwa kurejelea utafiti wa Monica Wilson. Yeye na mumewe Godfrey Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Katika Good Company (1951) anaeleza imani kwamba manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya aliyekosa yana nguvu ya kumdhuru. Katika Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) anaonyesha kwamba katika taratibu za ukoo, hasira iliyofichwa moyoni ilipaswa kusemwa kwa kinywa ili mapatano yawe ya kweli. Aliyekuwa na kinyongo na nduguye hakuweza kukimaliza kwa kunyamaza, wala kwa kutamka maneno ya jumla. Alipaswa kukikiri mbele ya wahusika.

Maelezo hayo ni ya miaka ya 1930, na hayawezi kuchukuliwa kuwa picha ya Masukulu ya leo. Wala si nia ya makala kudai kwamba toba ya Kikristo na taratibu hizo ni kitu kimoja. Lakini yanatoa kipimo. Ikiwa jamii imewahi kuwa na desturi ya usemi ambamo kinyongo hakiondoki mpaka kitajwe, basi tafakari inayosema "tuwasamehe wote waliotukosea" imeleta kiwango cha chini cha usemi kuliko kile ambacho wasikilizaji wamerithi. Watu wawili walionyimana salamu kwa mwaka mzima wanaweza kuketi benchi moja, wakasikia sentensi hiyo, wakaitikia "Amina", na kuondoka kila mmoja kwa njia yake. Sentensi haikuwazuia kusameheana. Haikuwaomba tu wafanye hivyo.

6. Kufunga Mbele ya Chakula cha Wengi

Jambo la mwisho ni kufunga kwenyewe. Kichwa cha kitabu cha Wilson cha 1951 kinatokana na dhana ya Kinyakyusa ya ukwangala, yaani furaha na wajibu wa kukaa pamoja, kuzungumza, kula na kunywa na wenzako. Anaieleza kama moja ya tunu kuu za maisha ya kijiji alivyoyakuta. Katika maadili ya namna hiyo, anayekula peke yake ana kasoro, na anayekataa kula na wenzake anazua maswali.

Somo la Injili la Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, linataka mfungo usioonekana na watu. Ugumu unajitokeza mara moja. Mtu anawezaje kukataa chakula cha wenzake na bado asionekane? Mahali ambapo watu hula kila mmoja chumbani mwake, siri hiyo ni rahisi. Mahali ambapo sahani ni moja, kufunga ni tendo la hadharani hata kama aliyefunga hakutaka hivyo. Tafakari inayosema "tufunge kwa siri" bila kuuona ugumu huu imesoma andiko lakini haijaangalia meza.

Jibu limo katika masomo yenyewe ya wiki hiyohiyo. Katika mpangilio wa Kikatoliki, Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu husomwa Isaya 58, ambapo nabii anaukataa mfungo unaokwenda pamoja na ugomvi na dhuluma, na kudai mfungo wa kuwafungua walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula. Mfungo wa Isaya hauwatoi watu mezani. Unaongeza watu mezani. Mwandishi wa tafakari anayeyasoma masomo hayo mawili pamoja, la Jumatano na la Ijumaa, anaweza kuonyesha kwamba kinachofichwa katika Mathayo 6 ni sifa, na kwamba chakula hakikutajwa ili kifichwe. Ukwangala, ukitazamwa kwa jicho la Isaya, unakuwa kipimo cha mfungo: je, ni nani ambaye hajawahi kuitwa kwenye sahani hii?

Hapo pia lugha inasaidia. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kufunga, kwa mlango, kwa mzigo na kwa saumu. Isaya 58 inazungumzia kufungua vifungo. Mchezo huo wa kufunga na kufungua umo katika lugha tayari, na tafakari ya Kiswahili inaweza kuutumia kwa urahisi ambao lugha nyingine nyingi hazina: mfungo unaofungua. Lakini mchezo wa maneno ukibaki peke yake utakuwa pambo. Unapata maana pale inapotajwa nani amefungiwa nje.

7. Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba udhaifu unaolaumiwa mara kwa mara katika tafakari za Kwaresima, yaani ujumla na kujirudia, hautokani na ufupi wake wala na kutumika kwake kwa siku moja. Unatokana na kuvuka mapema kutoka nafsi ya tatu hadi "sisi", kutoka njaa hadi mfano wa njaa, na kutoka kosa lenye mtendwa hadi toba isiyo na mtu wa kuendewa. Katika kila hatua, Kiswahili kilikuwa na njia nyingine: mtenda angeweza kutajwa, kauli ya kutendea ingeweza kumdai msikilizaji jambo na mtu, kauli ya kutendana ingeweza kudai watu wawili, na swali lingeweza kuchukua nafasi ya amri.

Masukulu haikutumika hapa kama kielelezo cha upekee. Kila mahali Kwaresima inapofika hukuta mvua au ukame wake, meza zake na vinyongo vyake. Lakini Rungwe inaliweka suala hili wazi, kwa sababu nchi yake haina jangwa la kuazima, na kwa sababu kumbukumbu yake ya usemi inajua kwamba hasira isiyotajwa haijaondoka. Uchunguzi zaidi unaweza kulinganisha tafakari za Kiswahili na zile za Kinyakyusa, ambako Mungu huitwa Kyala na ambako vitenzi vya kupatana vina unyambulishaji wake, ili kubaini ni nini hupotea na ni nini hupatikana neno la siku linapohama kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Kwa mwandishi wa tafakari, mahitaji ni machache: alisimulie andiko mpaka lenyewe limfikishe kwa msikilizaji, kisha aseme jambo moja linaloweza kufanyika kabla ya jioni ya siku hiyo, kwa mtu anayejulikana. Asubuhi inayofuata kutakuwa na neno lingine, na wale wawili wa benchi moja watakuwa wamesalimiana au hawakusalimiana.